Uzi Ambao Jenerali Hakuukata

Watu wa Angkhe wakitaka kunichokoza hunikaribisha chai, hunivutia kigoda, kisha huniuliza kama vile hawajawahi: "Eti Bi Kuihoa, Jenerali Tho alikuwa na haki?" Walianza kuniuliza nikiwa bado na meno yote. Na mimi nilikuwa siwaachi hata wamalize swali. Alikuwa nayo! Nyie dada yenu angetupwa kisimani na mtoto wa hakimu, halafu hakimu huyohuyo akaandika kwamba msichana kateleza, mngefanyaje? Mngewasha ubani mkalale?

"Haya, hakimu alistahili," wazee wa pale kwenye kibanda cha chai walikuwa wakisema. "Na mwanawe alistahili. Mpishi je? Na kile kichanga kilichokuwa kinanyonya?"

Maana Jenerali aliingia nyumba ile na upanga akaimaliza yote, mpaka kichanga, ndipo akaenda kukaa ukingoni mwa kisima akajichinja mwenyewe. Hiyo ni zamani, enzi za wafalme. Baadaye ugonjwa ukaingia kijijini, watoto wakawa wanakufa, ndipo babu zetu wakamjengea hekalu. Hatumfukizii ubani kwa wema wake. Tunambembeleza atulie.

"Kichanga ilikuwa bahati mbaya," niliwajibu, nikanyanyuka zangu, na chai yao nimeshaimaliza.

Nimeanza na Jenerali kwa sababu siwezi kumweleza mdogo wangu Thiansang bila yeye. Lakini msidhani Thiansang alikuwa mtu wa mapanga. Alikuwa mchunga bata. Mavuno yakiisha aliwaswaga bata wake kutoka shamba moja la mpunga hadi jingine, wakiokota punje na konokono, na yeye nyuma yao na fimbo ndefu ya mwanzi yenye kitambaa chekundu nchani, akiwasemesha kama anaongea na wakwe zake. "Jamani mama zangu, sogeeni kidogo. Haya, asanteni, asanteni." Watu walimcheka sana. Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia binti, Alian, nikamlea mimi, kwa sababu sikuolewa, na sikuolewa kwa sababu ya mdomo huu. Na yule mtoto alichukua mdomo wangu wote. Alikuwa akisimama katikati ya barabara anawazuia watu wazima: "Ngojeni! Hamwoni bata wanavuka?"

Watu walikuwa wakicheka na kungoja. Lori la kina Lim halikungoja.

Aliyeliendesha alikuwa Lim Bunkiat, mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, katoka harusini kalewa chakari mchana kweupe. Lilipita juu ya bata, likampitia na mtoto. Hilo peke yake ningejikaza nikaliita ajali. Lakini Bunkiat alishuka. Alishuka, akamtazama, akambeba, akamlaza mtaroni nyuma ya matete asionekane, akapanda lori akaenda zake. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alimwona kwa macho yake. Na Alian alikuwa bado hai alipolazwa pale. Tulipompata jua linazama alikuwa amekwisha, na matete yote ambayo mkono wake uliyafikia yalikuwa yameng'olewa. Daktari alisema angeletwa mapema angepona. Aliyasema hayo taratibu, huku anafunga mkoba wake, nami nikamkamata ukosi nikamwambia ayarudie kwa sauti.

Mahakamani ikasemwa lori lilikuwa gereji siku ile. Yule mama wa majani akawa hakumbuki kitu, na mumewe tayari kapata kazi mashineni kwa Lim. Bunkiat alitoka pale huru, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Thiansang alirudi kwa bata waliobaki. Kelele nilipiga mimi. Nilikuwa nauza uji wa mchele asubuhi pale darajani, na kila Lim aliyepita nilimmwagia maji ya vyombo miguuni. "Samahani," nawaambia, "mkono umeteleza. Si mnajua siku hizi watu wanavyoteleza?"

Sasa sikukuu ya Jenerali. Kila mwaka baada ya mavuno ya pili, mtu mmoja hupakwa uso wake. Mtunza hekalu, Mzee Chhai, huangusha vibao viwili mbele ya sanamu, na vikilala kimoja chali kimoja kifudifudi, basi jina lililotajwa limekubaliwa. Miaka mingi vilimkubali Thiansang, wakasema Jenerali anapenda upole wake. Mpakaji ni mimi. Baba ndiye aliyekuwa mpakaji, akanirithisha kwa sababu nyumba nzima mimi ndiye niliyekuwa na mkono usiotetemeka. Brashi ikishapita juu ya macho, aliyekaa pale si mtu tena, ni Jenerali. Haruhusiwi kusema hata neno mpaka anawishwe. Na ole wake atakayemwita kwa jina lake la nyumbani, maana ukimwita mtu, Jenerali anatoka, na upanga unabaki mikononi mwa mtu.

Kisha huletwa mtoto mgonjwa, kafungwa uzi mwekundu shingoni. Baba yake hupiga magoti nyuma yake, amemshika mabega. Jenerali huinua upanga, upanga wa kweli wenye makali, akaushusha mpaka shingoni pa mtoto, akakata uzi tu. Ugonjwa ndio umekatwa. "Kila mwaka tunampa mtoto na upanga," Mzee Chhai alikuwa akitufundisha, "tuone kama ataacha. Na kila mwaka anaacha." Mwenye uzi ambao haujakatwa ni mali ya Jenerali. Haozwi mke, na hawezi kumwinulia mkono yule aliyeanza kumkata. Na aliyeanza ndiye amalize, mwingine haruhusiwi kuugusa.

Mwaka ule, matete ya mtaroni hayajaota vizuri tena, mtoto wa Bunkiat akapatwa na degedege. Kengbun, kitoto kinachoanza kukimbia. Madaktari wa mjini walishindwa. Mama yake, Suiim, alilia mpaka Mzee Lim akakubali kumleta kwa Jenerali. Wakaomba apakwe mtu mwingine yeyote, vibao vikakataa. Wakataja jina hili na lile, vikakataa. Walipotaja Thiansang, vikalala sawasawa.

"Usiogope," Mzee Lim alimwambia mwanawe mbele za watu. "Akishapakwa si Thiansang."

Mtu wa kutoka kwingine angetoroka na mwanawe usiku huohuo. Sisi wa Angkhe tunaamini rangi. Nami nilishukuru mbingu na ardhi kwamba wanaamini, nikaenda kuunoa upanga. Niliunoa kwa jiwe la maji asubuhi nzima, naimba.

Nilimpaka Thiansang kwenye chumba cha nyuma cha hekalu, sisi wawili tu. Nilisubiri brashi ipite macho, ndipo nikafungua mdomo, kwa sababu hapo hana ruhusa ya kunijibu. Niliitoa ile fimbo ya bata ambayo Alian aliishika siku ile, nikailaza mapajani mwake.

"Unaijua hii? Unaijua," nikamwambia. "Leo Bunkiat atapiga magoti mbele yako. Shingo yake itakuwa hapa, kiunoni pako. Mahakama haikukupa, Jenerali anakupa. Wewe unasemesha bata tu, unawaomba msamaha bata! Alian aling'oa matete, Thiansang, kucha zilikuwa zimejaa udongo, nilizisafisha mimi. Nani atakuhukumu? Watasema ni Jenerali. Na Jenerali alikuwa na haki. Sema hakuwa nayo! Sema basi!"

Rangi nyeusi chini ya macho ilikuwa haikauki, nikawa napaka, inalowa, napaka tena. Nilifurahi kuiona inalowa.

Uwanja wa hekalu ulifurika. Bunkiat alipiga magoti, Kengbun mbele yake na uzi mwekundu, ananyonya kidole. Ngoma zikanyamaza. Upanga ukapanda, ukaanza kushuka, taratibu, kama miaka yote, na nilijua kwa namna mkono ulivyotulia kwamba ndugu yangu anakwenda kukata uzi tu. Nilimtukana moyoni. Wallahi, nilimwita matusi yote niliyonayo.

Ndipo Bunkiat akaogopa. Akamkumbatia mtoto akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tuliokaa mbele tulisikia: "Thiansang, nakuomba. Mtoto hana kosa."

Kamwita jina! Pale mbele ya Jenerali, kamwita mchunga bata. Na maneno aliyochagua ni hayo.

Upanga ulisimama hewani, ukamwacha mtoto, ukapita juu ya kichwa chake ukamwingia baba shingoni. Pigo moja. Kengbun hakupata hata mkwaruzo. Alifunikwa na damu ya baba yake kuanzia nywele, kidole bado kiko mdomoni, na uzi bado uko shingoni.

Nilifurahi. Nasema wazi, sitaki mnifikirie vizuri. Watu walipokuwa wanakimbia wakikanyagana, mimi nilikaa kwenye benchi langu nikasema, "Alian, kula ushibe."

Jaji alisema Thiansang ana uchungu wa mzazi, akampa kifungo cha maisha badala ya risasi. Kibandani wakagawanyika makundi mawili. Wengine walisema kaua Jenerali. Wengine walisema, la, jina lilitajwa, kwa hiyo kaua Thiansang. Mimi niliwaambia wote wawili wameua na wote wawili wana haki, nani ana swali jingine?

Degedege liliisha lenyewe, lakini uzi ulibaki. Mtoto alikua, na mama yake akawa anauongezea kipande kila ulipomkaba, fundo juu ya fundo. Kila asubuhi alipita darajani kwangu akienda shule, kakumbatia mkoba, na mafundo yake shingoni. Watoto walimkimbia. Alipokuwa kijana, hakuna mzazi wa Angkhe aliyekubali kumwoza binti. Mama yake alipeleka washenga wakarudi mikono mitupu. Nami nilimtazama akipita, nikajimiminia bakuli la uji, nikalinywa kwa raha. Msinikodolee macho. Alian angekuwa na watoto wake wakati huo.

Kisha ukaja msamaha wa wafungwa, Thiansang akarudi. Mzee, mapafu yanakoroma, mgongo umejikunja. Nilimnunulia bata wachache, akawa anakaa nao uani akiwasemesha. Habari za Jenerali hakutaka kuzisikia. Sikukuu ilipokaribia, Kengbun akaja darajani. Hakupita kama siku zote. Alikaa kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, Shangazi," akasema.

"Mimi si shangazi yako. Unakunywa uji au unazuia watu?"

"Nakunywa." Nikampa. Akanywa wote, akafuta mdomo. "Aliyeinua upanga ndiye anayekata. Muulize Mzee Chhai. Ndugu yako aliniacha nao."

"Kaa nao. Umezoea."

"Nina mchumba," akasema. "Wa kijiji cha pili. Baba yake kasema hataki mwenye uzi."

"Pole yake huyo binti. Kuna wasiopata hata bahati ya kuchumbiwa."

Akaniangalia moja kwa moja. Ana macho ya baba yake, mbwa yule. "Najua," akasema. "Nimepita pale mtaroni maisha yangu yote, Shangazi."

Nilidhani Thiansang atakataa. Nilipomweleza, alikuwa anamwaga pumba kwa bata. Aliendelea mpaka pumba zikaisha.

"Nipake, Dada," akasema.

"Una akili? Akishakatwa ni mtu huru! Unajua maana yake? Huo uzi ndio uliokuwa unakulinda!"

"Najua."

"Atakuua mbele ya kijiji kizima, na watasema ana haki!"

"Wewe si ndiye unayesema hivyo kila siku?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Mtoto nilimwacha na uzi, Dada. Nilimwona amesimama pale. Niliuona uzi, nikaangusha upanga nikaenda kukaa."

Sikuunoa. Niliuchukua upanga ule, nikausugua kwenye jiwe la ngazi ya nyuma mpaka makali yote yakafa. Nilimpaka bila kusema kitu. Ngozi yake ilikuwa imelegea, rangi ikawa inaingia kwenye makunyanzi, na mkono wangu, mkono huu usiotetemeka, ulikwenda ovyo. Uso uliotoka haukuwa mzuri.

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Kengbun alipiga magoti peke yake, hana baba wa kumshika mabega. Suiim, mama yake, alisimama pembeni kajifunga kitambaa cheupe kichwani. Thiansang aliinua upanga, akaushusha, ukagusa mafundo ukateleza. Akajaribu tena. Haukati. Watu wakaanza kunong'ona.

"Shangazi hakuunoa," Kengbun akasema, wala hakugeuza shingo. "Safari ile aliunoa vizuri."

Ndugu yangu ikabidi akekete kama anayekata kamba ya ng'ombe, mkono mmoja kaingiza kidole kati ya uzi na koo asimuumize, huku anahema. Fundo la mwisho lilikatika, uzi ukaanguka. Kengbun akasimama. Akajipapasa shingo. Kisha akanyoosha mkono, na Thiansang, bila kuombwa mara mbili, akampa upanga, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Nilipiga kelele, "Ni butu! Huo ni butu!"

"Nikikaza mkono utatosha," Kengbun akasema. Kisha akanigeukia mimi. Watu wote wale, akanigeukia mimi. "Shangazi Kuihoa, nimekua nikikusikia. Nikipita darajani nakusikia, nikipita kibandani nakusikia. Mimi ni mtoto wa aliyeuawa, na aliyemuua huyu hapa. Leo sina uzi. Niambie na mimi. Jenerali alikuwa na haki?"

Wazee wa kibandani walikuwa mstari wa mbele, wote, midomo wazi. Nilimtazama Suiim, naye ananitazama. Macho yake yalikuwa yakiniomba niseme ndiyo. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale, maana hayo macho yalikuwa yangu miaka yote ile.

Nikisema alikuwa nayo, kichwa cha mdogo wangu kinaanguka. Nikisema hakuwa nayo, basi Thiansang kaoza jela kwa uovu, na mimi ndiye niliyenoa, na Alian hajalipiwa kitu. Nilimchukia yule kijana kwa kunipa swali lile. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, mpaka sasa.

"Hakuwa nayo," nikasema.

"Sijasikia."

"Hakuwa na haki!" nikapiga kelele. "Hakuwa nayo, mwanaharamu wewe! Umeridhika?"

Mabega ya Thiansang yalitikisika. Kapakwa, hawezi kusema. Alikuwa amenisikia, na kijiji kizima kilimwona akinisikia, na hakuweza kunijibu hata neno moja. Kengbun akauweka upanga chini, akamwita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Thiansang. Simama uende nyumbani." Akamshika mama yake mkono, mama anavutana naye, analia kwa hasira, wakatoka. Alioa kabla ya mwaka mpya. Alitupelekea keki za harusi, na mimi niliwamwagia bata.

Siku ile nilimrudisha ndugu yangu chumba cha nyuma, nikachemsha maji, nikaanza kumnawisha. Nyeusi ikatoka, nyekundu ikatoka. Nilipofika mdomoni, ruhusa ya kusema ikamrudia.

"Dada," akasema, macho kafumba. "Ulisema vile ili kuniokoa, au ndivyo unavyoona?"

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kumpangusa shingo.